Lekaliwa, Nchi Iliyoishiwa Wino Mwekundu

Vijana, kabla hatujafika mbali: msichape ramani ya nchi yoyote siku ambayo wino mwekundu umeisha. Mengine nitakayosema mnaweza kuyasahau mkishafunga ukurasa. Hilo moja lishikeni.

Mnanijua kama mzee wa Kibabi anayelima maharage na kuizomea simu yake. Lakini kabla mgongo haujanistaafisha, nilikuwa na kazi isiyo na jina. Nilitunga hadithi, nikachora watu wasiokuwepo, nikawapa milima ya kupanda na mito ya kuvuka, vyote ndani ya kompyuta moja iliyong'oka herufi B. Ukiitaka B uliichokonoa kwa msumari. Ndiyo maana katika hadithi zangu za mwanzo hamtamkuta Bahati hata mmoja.

Shule niliiacha mapema kwa sababu pikipiki ilipita nje ya dirisha nikataka kujua inakwenda wapi. Ilikuwa inakwenda Nyabiondo. Nilipofika Nyabiondo nikaona nyingine inakwenda Walikale. Maisha yangu yote yamekwenda hivyo, na sijutii, ila makalio yangu yangekuwa na maoni tofauti.

Nyabiondo ndiko nilikomkuta Mama Kahindo, mwanamke wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, mwenye duka la chumvi na sabuni, pikipiki za mizigo, na sekretaria, yaani chumba cha kuchapa barua, kutoa fotokopi na kupiga picha za kadi. Niliingia kuuliza mashine inajuaje kwamba mstari umeisha. Akanijibu. Nikauliza lingine. Akanijibu. Nikauliza la tatu.

"Kaka," akasema, "weye unauliza kama unalipwa. Kaa chini. Shika hii souris, mikono nayo ifanye kazi kama mudomo."

Nikakaa, nikaishika ile souris, yaani kipanya cha kompyuta. Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kuajiriwa.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni tabaka. Ninyi leo mnachora kwa kidole, mnaongeza tabaka bila kufikiri: mlima kwenye moja, mtu kwenye nyingine, maandishi juu yake. Ukikosea mtu, mlima hauumii. Programu yetu ilikuwa ya Kifaransa cha ajabu, na tabaka iliziita kushi, neno ambalo kwetu kila mzazi analijua kuwa ni nepi ya mtoto. Siku moja mama mmoja alikuwa ameketi na mtoto mgongoni akisubiri picha yake, na Mama Kahindo akanipigia kelele kutoka nyuma ya pazia: "Ile kushi ya chini imechafuka. Itoe, weka ingine safi." Yule mama akasimama, akamshusha mtoto, akamnusa, akamgeuza, akamnusa tena.

"Mama, mbona wangu iko mukavu," akasema kwa uchungu. "Basi njo kusema ni mutoto ya mwingine."

Alikuwa peke yake mwenye mtoto mle ndani. Akaanza kunitazama mimi.

Kitu cha pili ni kutoiamini mashine inayosahihisha maneno. Ile yetu ilijua Kifaransa tu, na kila neno la Kiswahili ililiona kama mtu aliyevaa shati kinyume, ikawa inamnyoosha. Kwaya moja ilituomba bango la "Mungu anaweza". Mashine ikaona hakuna neno Mungu, ila kuna mangue, yaani embe. Bango likatundikwa mbele ya kanisa, herufi kubwa kama milango: MANGUE ANAWEZA. Mchungaji alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza taratibu kama kuna kanisa lingine limefunguliwa bila yeye kuambiwa. Tangu siku hiyo, kila ninachoandika nakisoma kwa sauti, kwa kidole, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Fanyeni hivyo. Macho husamehe, sikio halisamehi.

Sasa, kutunga nchi. Vijana wengi huniuliza: Papa, unaanzia wapi? Naanzia kwenye maharage. Chukua karatasi kubwa, mwaga juu yake maharage gao moja, yaani ya kujaza mikono miwili, usiyapange. Pita na kalamu pembeni ya rundo lile: huo ndio ukingo wa nchi yako. Yaliyoruka mbali ni visiwa. Yaliyopandana ni milima. Palipobaki wazi katikati weka ziwa. Mkono wa mtu ukichora bila msaada hutoa nchi ya mviringo kama sahani, na nchi ya mviringo haina pa kujificha. Kisha piga picha, ingiza kwenye kompyuta, chora juu yake kwenye tabaka mpya. Piga picha upesi lakini. Nchi yangu ya kwanza niliiacha mezani nikaenda kutafuta chaji, na mwenye nyumba akaiona, akaiosha, akaipika. Nilikula bara zima na bugali, milima nayo ilikuwa haijaiva.

Majina je? Majina hupatikana kwa kusoma silabi kutoka mwisho. Masisi inakuwa Sisima. Omate inakuwa Temao. Walikale inakuwa Lekaliwa, na hilo lilinipendeza hata nikalifanya jina la nchi yangu kubwa kuliko zote, nchi iliyonipa jina na ikataka kumlaza mtu mwingine njaa.

Ilikuwa Omate, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Mama Kahindo alifungua tawi la sekretaria huko, akanituma mimi kwa sababu nilikuwa tayari nimesimama. Wachimbaji walipenda picha. Hawakutaka picha ya Omate, Omate waliiona bure kila siku. Walitaka kuwekwa mbele ya meli, mbele ya gorofa, mbele ya ndege. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Papa Bauma, mkubwa wa shimo moja. Mkubwa wa shimo huko huitwa PDG, kama mkurugenzi mkuu wa kampuni, hata kama ofisi yake ni jiwe. Nilimweka mbele ya ndege. Alinikataza kumfuta matope kwenye buti.

"Mama yangu akiona miguu misafi," alisema, "hataamini kama iko mimi."

Siku za mvua shimo likijaa maji, Papa Bauma na watu wake walikuja kukaa kibarazani kwangu, nami niliwasomea hadithi ya Lekaliwa kutoka kwenye kompyuta. Katika Lekaliwa kuna chura mkubwa kama nyumba, anaketi mahali fulani fulani na kumeza wapita njia. Walimpenda yule chura. Waliuliza kama analipa kodi. Mwishowe wakasema wanataka kuiona nchi yenyewe, basi nikachora ramani nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Kila mahali anapoketi chura niliweka duara jekundu. Na chini, kwa herufi nyekundu, nikaandika: NCHI HII HAIKO, NI YA HADITHI.

Nikachapa. Nikaitundika ukutani. Nikaenda kuoga.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye elimu. Mashine ya kuchapa haina wino mwekundu kama damu. Ina ule wa waridi, na wa njano. Nyekundu huipata kwa kuchanganya hizo mbili. Ule wa waridi ukiisha, mashine haikwambii. Inaendelea na njano peke yake, kimya, kama mtu anayeimba wimbo wa watu wawili. Wetu ulikuwa umeisha, na mwingine ulikuwa bado uko njiani na Mama Kahindo. Kwa hiyo maduara yangu mekundu yalitoka njano. Njano safi, inayong'aa, mbegu mbegu kama za dhahabu, milimani na kando ya mito. Na yale maandishi ya chini yalitoka njano hafifu juu ya karatasi nyeupe, hata nzi asingeyasoma.

Niliporudi kutoka kuoga, Papa Bauma alikuwa amesimama mbele ya ukuta, kofia mkononi, kama mtu kanisani.

"Kaka," akasema kwa sauti ndogo, "kumbe ulijua siku zote hizi."

"Nilijua nini?"

"Hizi." Akagusa duara la njano. Kisha lingine. "Na hizi. Zote."

"Papa Bauma, hapo ndipo anapoketi chura."

Akacheka kidogo, kwa heshima, kama unavyomcheka mtu anayejaribu kukuficha sahani. "Ndiyo. Ni chura."

"Hii nchi haiko. Nimeitunga mimi."

"Mi nachimba tangu ndevu haziyaota. Kila mutu mwenye kuona mali anasemaka vile. Haiko."

Nikamwonyesha jina. Nikamwambia asome silabi kutoka mwisho. Akasoma, midomo ikitembea. Li-wa... hapana. Wa, li, ka, le.

"Ni Walikale kwa nyuma," akasema.

"Njo vile. Unaona?"

"Naona. Basi iko nyuma ya Walikale. Nilijua."

Mchimbaji mmoja aliyeitwa Safari, ambaye hakuwahi kukubali kwamba kuna kitu asichokijua, alisema kutoka mlangoni: "Lekaliwa? Naijua. Muyomba wangu alipitaka kule. Baridi mingi. Lakini viazi vyao ni vitamu."

Nikamgeukia. "Safari, nimeitunga mwezi huu."

"Alipitaka zamani," akasema Safari.

Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha Papa Bauma ramani kwenye kioo: maduara mekundu, maandishi mekundu, yote wazi. Akaitazama kompyuta kwa huruma.

"Hii mashine iliniweka mbele ya ndege," akasema, "na mi sijaiona ndege ikiwa chini hata siku moja. Iko na uongo. Karatasi njo ya kweli."

Ndege ile niliipachika mimi.

Jioni ile habari ilikuwa imeenea: Jumatatu, baada ya misa ya Jumapili, Papa Bauma angeondoka na watu wake wote kwenda Lekaliwa. Mkewe, Mama Furaha, akaja kwangu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Kaka, shimo la bwana yangu limeanza tu kutoa," akasema. "Watoto wanasoma kwa pesa ya lile shimo. Hapa Omate, ukiliacha, unarudi unakuta mutu mwingine amekaa ku mudomo yake, na hakuna wa kumushitaki. Weye njo ulileta hii nchi. Irudishe pale uliitoa."

Nilijaribu. Ijumaa nilimwambia Papa Bauma njia ni ndefu; akasema ndiyo maana wengine hawajafika. Nilimwambia chura ni mkali. Akasema atakwenda na panga. Niliitoa ramani ukutani. Akasema sasa nimeogopa, basi ni kweli. Kila nilipoikana nchi, ilizidi kuwa imara. Sijawahi kuandika kitu kikaaminiwa namna ile, tena kwa kukikataa.

Jumamosi Mama Kahindo akafika kutoka Nyabiondo, matope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, na kartushi ya wino ameifunga kifuani kama mtoto. Alikuwa na hasira ya njia nzima.

"Kila mahali kamba," akasema kabla ya kuketi. "Kamba ku daraja. Kamba ku mulima. Kamba pale hakuna kitu. Nikauliza ule mutu: hii kamba inazuia nini? Akasema: inazuia weye, Mama."

Nikampa chai, nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliangalia ramani, akaangalia maduara ya chura wangu, akanitazama kama siku ile ya swali la tatu.

"Kaka, weye uliwekea mutu wa Walikale chura," akasema. "Nani anaogopa chura huku? Washa masini. Tabaka mupya. Andika: bariere."

Bariere ndicho kile kizuizi cha kamba njiani: unalipa ndipo upite. Mimi nachora, yeye anatamka. Vijana, sijapata tena mwalimu wa namna ile. Bariere ya kwanza, akasema, iko kabla ya nchi yenyewe, ya kulipia miguu. Bariere ya pili, ya kupima mzigo. Ya tatu, ya kupima mzigo tena, kwa sababu kipimo cha pili hakiaminiki. Ya daraja. Ya wale waliopita chini ya daraja ili wasilipie daraja. Ya kuangalia kama ulilipa zote hizo, na nyingine ya kuangalia kama karatasi ulizopewa ni za kweli.

"Hapa weka kamba yenye sashe za plastiki zimefungwa," akasema. "Na banki ya kukaa. Na ule mwenye muhuri."

Nikamchora mwenye muhuri kwenye benchi.

"Hapana. Mutoe. Ameenda kula."

Nikamfuta, nikaacha benchi tupu na kofia juu yake. Kwa mara ya kwanza ile nchi ilinitazama. Milima yangu yote, na mito, na lile ziwa nililolipaka rangi siku mbili, havikuwahi kufanya hivyo.

Bariere ya mwisho, mlangoni kabisa mwa Lekaliwa, iliomba ruhusa ya kuingia. Ruhusa hutolewa na ofisi. Ofisi iko ndani.

Tukaweka kartushi mpya, tukachapa. Nyekundu ikatoka nyekundu. Maduara mekundu, kamba nyekundu, na chini, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: NCHI HII HAIKO, NI YA HADITHI.

Jumapili baada ya misa Papa Bauma akaja kuaga. Mkewe alisimama nyuma yake, hatazami mtu. Nikamwonyesha Papa Bauma ramani mpya. Yale maandishi ya chini aliyapita kama unavyopita tangazo la dawa ya meno. Kidole chake kilikuwa tayari njiani.

"Hizi bariere hazikuwa ku karatasi ya kwanza."

"Wino mwekundu ulikuwa umeisha," nikasema, na wino ulikuwa umeisha kweli.

Akakubali kwa kichwa. Bariere kuchorwa nyekundu aliliona jambo la kawaida. Kidole kikatembea: miguu, mzigo, mzigo tena, daraja, chini ya daraja. Kilipofika kwenye benchi tupu kikasimama.

"Na huyu wa hapa?"

"Ameenda kula," akasema Mama Kahindo.

"Anarudi saa ngapi?"

"Alisema sasa hivi."

Papa Bauma akafumba macho kidogo, kama mtu aliyeguswa jino. Akaendelea mpaka mwisho wa njia.

"Hapa wanaomba karatasi."

"Ndiyo."

"Na karatasi wanaitolea huku ndani."

"Ndiyo."

"Na huku ndani hauingie bila karatasi."

"Njo vile, Papa."

Akavua kofia. Wote kibarazani wakasimama, hata Safari.

"Kumbe iko kweli," akasema polepole. "Ni inchi ya kweli kabisa." Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Furaha, fungua ile mizigo. Kesho tunarudia ku shimo."

Mama Furaha alinipita, akaenda moja kwa moja kwa Mama Kahindo, akamshika mikono miwili.

Leo mna mashine ambazo unaziambia neno tu, zinachora. Juzi mjukuu wangu aliiomba moja imchoree mzee wa Masisi akisukuma tshukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, iliyojaa maharage. Ikatoa mzee mzuri sana mwenye vidole sita, amekalia harage moja kubwa linalobingirika. Tulicheka mpaka tukalia. Siidharau, ingekuwepo zamani ningeisumbua kwa maswali mpaka ijifiche. Lakini muiombe nchi, itawapa milima, minara na machweo. Kofia juu ya benchi tupu lazima muiweke ninyi.

Nilidhani mambo ya Lekaliwa yameisha. Siku chache baadaye, mchana, Papa Bauma akaingia sekretaria. Amenyoa. Amevaa shati la harusi. Buti zilikuwa na matope yaleyale. Akasubiri wateja watoke, akafunga mlango nyuma yake.

"Kaka, nimewaza," akasema. "Dhahabu, niliacha. Lakini ile bariere ya ku daraja... kuna mutu ameishaipata?"

Nikamtazama Mama Kahindo. Alikuwa tayari anawasha mashine.

Tulimtengenezea kadi ya kazi yenye picha yake, ile ya mbele ya ndege kwa sababu ndiyo aliyoitaka, na cheo kamili: Mkubwa wa Bariere ya Daraja, Lekaliwa. Chini, kwa sababu nilikuwa nimejifunza, nikaweka kwa herufi nyekundu zilizoiva: NCHI HII HAIKO. Nikamsomesha kwa kidole mbele yangu, neno kwa neno, ili yasirudi yaleyale.

"Nimesoma," akasema. "Haiko. Na mushahara?"

"Nao hauko, Papa."

Akaipuliza kadi ikauke, akaiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

"Basi ni sawa na kazi za huku," akasema, akaenda shimoni kuanza kazi.